Umemaliza chuo na kesho huijui: mwongozo kamili wa miezi mitatu ya kutoka kwenye mashaka

Vijana waliomaliza chuo wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Sijui nifanye nini, na sijiamini tena." Wengi wao wameshajaribu kujisaidia. Wamesikiliza wahamasishaji, wameandika malengo ya mwaka, wamefunga na kuomba. Bado wanakwama pale pale, kwa sababu wanataka kuyajibu maisha yote kwa mkupuo mmoja, usiku, wakiwa wamelala na simu mkononi.

Wanasubiri wawe na uhakika ndipo waanze. Uhakika wa namna hiyo hauji kwa kufikiri. Huja kidogo kidogo, ukijaribu mambo madogo yenye tarehe ya mwisho na kuandika ulichokiona. Hatua zote zilizo hapa chini zinafanya kazi hiyo moja.

Nimeandika nikimfikiria mhitimu wa Tanzania aliyerudi nyumbani, kwa wazazi au kwa mjomba, anayesubiri ajira. Kama uko Mombasa au Bujumbura, badilisha majina ya ofisi, hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la karatasi na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii. Utaifungua uandike wasiwasi wako, na dakika mbili baadaye utakuwa unatazama statusi ya uliyesoma naye, amesimama pembeni ya gari ambalo huenda hata si lake.
- Bahasha ya nyaraka. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti na transkripti ya chuo, namba ya NIDA, picha za pasipoti. Skani kila kimoja kiwe PDF, kisha jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe.
- Fedha ya nauli na bando, hata kama ni ndogo, iwekwe mbali na fedha nyingine.
- Msimamizi. Mtu mmoja atakayekuuliza kila Jumapili umefanya nini. Asiwe mama yako, kwa sababu atakuonea huruma. Asiwe mpenzi wako pia, kwa kuwa mkigombana mpango wote unakufa. Rafiki mwenye msimamo, dada uliyemzoea kanisani au msikitini, au mtu aliyekutangulia kazini anatosha.
- Tarehe mbili: ya kuanza, na ya kumaliza miezi mitatu baadaye. Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Kabla ya hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa

Mashaka ya kawaida huja na kuondoka. Ukipata habari njema asubuhi, mchana unacheka. Sonona ni kitu kingine. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umepoteza hamu ya vitu vyote ulivyovipenda, usingizi umekataa au umezidi, chakula hakipiti na unajiona huna thamani, usianze na daftari. Anza hospitali.

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Muhimbili wana idara yake, na Mirembe ya Dodoma ndiyo hospitali ya taifa ya kazi hiyo. Ukiwa mbali, nenda zahanati au kituo cha afya ueleze dalili zako, uombe rufaa.

Kama umeanza kufikiria kufa, mwambie mtu leo hii na usibaki peke yako. Mchungaji au shehe anaweza kukusindikiza, na ni vizuri akifanya hivyo, ila maombi yaende pamoja na daktari.

## Hatua ya 1: Toa wasiwasi wote kichwani

Kaa mezani nusu saa. Andika kila kinachokunyima raha, kila kimoja kwa sentensi nzima. "Maisha" si sentensi. "Nimesoma ualimu wa Historia na Kiswahili na naogopa nafasi za masomo yangu hazitatoka" ni sentensi, na inaweza kufanyiwa kitu.

Ukimaliza, weka herufi mbele ya kila sentensi:

- M: liko mikononi mwangu.
- S: nasubiri mtu au ofisi nyingine.
- H: halina jibu leo, hata nikikesha.

Kazi yako ya miezi mitatu ni M peke yake. Kila S ipe siku ya kufuatilia na mahali pa kufuatilia. Tangazo la kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, kwa mfano, ingia Jumatatu na Alhamisi, basi. Kufungua ukurasa ule kila saa hakufanyi majina yatoke mapema, kunakupa tu mshtuko mdogo mara kumi kwa siku, na jioni unaona umechoka bila kujua umefanya nini. H zote ("nitaolewa?", "nitakuwa wapi nikiwa na miaka 35?") zihamishie ukurasa wa mwisho wa daftari na uufunge.

Deni la Bodi ya Mikopo wengi huliweka kwenye H, na hapo si mahali pake. Ingia kwenye akaunti yako ya bodi, soma salio, liandike. Ujue pia kwamba ukiajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kiasi unachokijua unaweza kukipangia, usichokijua ndicho kinachokutisha.

Ukiona M zimefika tano au sita na zinaeleweka hata na mtu mwingine akizisoma, hatua hii imekubali. Ukiona kila kitu ni S, rudia. Umeandika kuhusu serikali, hujaandika kuhusu wewe.

## Hatua ya 2: Pima "siwezi" yako kwa ushahidi

Gawa ukurasa katikati. Kushoto andika unachojiambia, kulia andika kilichotokea kweli, bila kukitafsiri.

Kushoto: "Mimi wa kufeli usaili tu."
Kulia: "Niliitwa, nikafaulu usaili wa mchujo, kwenye mahojiano ya ana kwa ana nikababaika swali la pili."

Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kushoto haina dawa. Ya kulia inasema unahitaji mazoezi ya kujibu kwa sauti mbele ya watu, basi. Na kuna jambo wengi hawalijui: kukosa kupangiwa kituo hakumaanishi umefeli. Wapo wanaofaulu usaili wa Sekretarieti ya Ajira na nafasi zikaisha, majina yao yakawekwa kwenye kanzidata, na wengine huitwa baadaye kutoka humo. Nimekutana na vijana wanaojiita wameshindwa huku majina yao yamekaa kwenye orodha ya waliofaulu.

Sehemu ya pili ya hatua hii ni ngumu kidogo. Tafuta watu watatu: aliyekufundisha, uliyewahi kufanya naye kazi yoyote (hata kamati ya harusi), na jirani wa mtaani. Kila mmoja muulize swali moja: "Ni kazi gani ungenipa bila kunisimamia?"

Swali limewekwa hivyo makusudi. Ukiuliza "nina kipaji gani?" utapewa sifa za adabu. Ukiuliza la kazi, mtu hufikiria fedha zake na vitu vyake, halafu hujibu kweli. Usishangae jibu likiwa dogo: "ningekuachia duka", "ningekupa uandike muhtasari wa kikao". Liandike lilivyo.

Tahadhari: usimuulize mtu mliyewahi kukorofishana, wala usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Mtu wa kwanza akitania, na wote waliobaki watatania.

## Hatua ya 3: Punguza kelele

Hii ni fupi. Nyamazisha, usifute wala usimzuie mtu, statusi za wale ambao kila ukizitazama unalala vibaya. Novemba na Desemba, msimu wa mahafali, ongeza watu kwenye orodha hiyo. Kama umewekwa kwenye makundi matano ya "nafasi za ajira" yanayorudia matangazo yale yale, mengine ya kughushi, bakiza moja.

## Hatua ya 4: Chagua njia tatu za kujaribu

Hapa ndipo mpango unapofia kwa wengi, kwa hiyo nenda polepole.

Usichague utakuwa nani. Chagua njia tatu tu ambazo ungeweza kuzipita mwaka huu. Moja iwe karibu na ulichosomea, nyingine ikuingizie fedha mapema, ya tatu iwe ile unayoiwaza kimya kimya na kuona aibu kuitaja. Mhitimu wa uhasibu anaweza kuandika: kutunza hesabu za SACCOS au za duka la jumla, kuuza vyakula vya jioni barazani kwa shangazi, na kozi fupi ya umeme kwenye chuo cha ufundi cha VETA.

Kila njia ipe wiki mbili na jaribio la gharama ndogo kabisa. Jaribio maana yake umegusa kazi yenyewe. Kutazama video za mtu anayefanya hakuhesabiki. Kwa SACCOS, omba kukaa na mhasibu wao siku tatu za mwisho wa mwezi, wakati kazi imepamba moto. Kwa chakula, pika mara nne na uuze, uandike gharama ya kila kitu pamoja na mkaa. Kwa VETA, nenda chuoni, uliza ada na tarehe za kozi fupi, kisha mwombe fundi wa mtaani akuchukue kwenye kazi moja umshikie waya.

Unapokaa na mtu anayeifanya kazi hiyo, muulize haya:

- Siku mbaya kwenye kazi hii ikoje?
- Mwezi usipoingiza kitu unaishije?
- Mtaji wa kwanza ulitoka wapi?
- Kitu gani kingekufanya uache?

La mtaji usiliachie jibu la kwanza. Karibu kila mtu atasema "nilijichanga". Endelea kuuliza kwa upole, na mara nyingi utasikia kwamba fremu ilikuwa ya shemeji, au cherehani ilirithiwa kwa bibi, au mke alikuwa na mshahara. Hilo si la kumsimanga mtu. Ni la kukusaidia usijidharau kwa kujilinganisha na mtu aliyeanza na vitu usivyokuwa navyo.

Baada ya kila jaribio andika mistari mitatu: nimeingiza au kutumia kiasi gani, saa zilikwenda vipi (ziliburuza au zilikimbia), na je, kesho yake nilitaka kurudi? Mstari wa tatu ndio wenye uzito. Uchovu wa mwili usikudanganye. Mtu anaweza kuchoka hoi na bado akataka kurudi.

Tahadhari za fedha. Usikope ili kufanya jaribio, hasa ile mikopo ya kausha damu na ile ya programu za simu inayopigia ndugu zako ukichelewa siku mbili. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kati yake asilimia 4 ni ya vijana, haina riba na ofisa maendeleo ya jamii wa kata atakueleza utaratibu wa vikundi. Lakini hiyo ni ya mtu aliyeshajua anachokifanya, yaani wewe baada ya mwezi wa tatu.

Anayekuomba fedha ya "usajili", "mafunzo" au "sare" ili akupe kazi ni tapeli. Anayekualika "semina" bila kusema ni ya nini, ukifika unaambiwa ulete watu wawili chini yako, naye ni wale wale. Muulize mzazi yeyote aliyekuwa na akiba mwaka 2009 akusimulie DECI, ule mchezo wa upatu ulioahidi faida kubwa, mbegu walizopanda na walichovuna. Mwenye mashaka na kesho yake ndiye mteja wanayemtafuta hawa, maana wao wana bidhaa moja tu wanayoijua vizuri: uhakika.

Hatua hii imefaulu kama, mwisho wa wiki ya sita au ya nane, angalau njia moja umeifuta kwa moyo mweupe. Kufuta ni matokeo. Kijana aliyegundua kwa wiki mbili na elfu thelathini kwamba biashara ya chakula haimfai amefaidi kuliko aliyeiota kwa miaka minne.

## Hatua ya 5: Zungumza na nyumbani kabla hawajakuuliza

Fanya hii mapema, hata sambamba na hatua ya pili. Familia ikikaa kimya huanza kujaza yenyewe: "amevuta bangi", "amerogwa", "anachagua kazi". Ukiwaendea wewe kwanza, ukiwa na tarehe mkononi, mazungumzo hubadilika.

Chagua wakati baada ya chakula, wageni hawapo. Anza kwa adabu na uwe mfupi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa."

"Mjomba, najua unaniona tu nipo hapa nyumbani. Naomba nikueleze ninachofanya. Nimejiwekea mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Kuna mambo matatu nayajaribu, na kila mwisho wa mwezi nitakuja kukwambia nimefika wapi. Asubuhi nitashika duka mpaka saa nne, baada ya hapo naomba niwe na muda wangu."

"Na ikifika huo mwezi wa tisa hujapata kitu?"

"Nitakuja tena kwako, tuangalie pamoja."

Ona kilichomo: tarehe, taarifa ya kila mwezi, na mchango ndani ya nyumba. Hicho cha tatu ndicho kinachowapa wazee subira. Kijana asiye na mshahara lakini anayebeba kazi fulani ya nyumba bila kusukumwa hasemwi sana.

Kwa mabinti kuna la ziada. Binti akirudi kutoka chuo mara nyingi hugeuzwa msaidizi wa kazi wa nyumba nzima bila mtu kumuuliza, halafu jioni anaulizwa mbona hatafuti kazi. Taja saa kwa uwazi: "Mama, nitapika na kufua, ila kuanzia saa nne mpaka saa nane naomba nisitumwe." Likija suala la kuolewa kama suluhisho, usibishane mbele ya watu. Mpelekee bibi au mama mdogo anayesikilizwa, akusemee.

Baba akikataa katakata, usimjibu siku hiyo. Muombe shangazi aongee naye, kisha rudi baada ya wiki na muda mfupi zaidi, mwezi mmoja badala ya mitatu.

## Hatua ya 6: Ipe siku mpangilio

Mtu asiye na pa kwenda hulala saa nane usiku na kuamka saa tano asubuhi, na akili isiyo na mpangilio hutengeneza hofu nyingi zaidi. Amka saa kumi na mbili au saa moja, hata huna usaili. Tenga saa tatu za kazi ya M zako, simu ikiwa chumba kingine. Tembea kwa miguu kila siku, angalau nusu saa.

Kisha tenga dakika ishirini za wasiwasi, saa kumi na moja jioni. Ndiyo, wasiwasi nao upewe saa yake. Ukikujia usiku, washa taa, andika neno moja kwenye daftari na ujiambie utalishughulikia kesho jioni. Siku za kwanza utaona ni upuuzi. Endelea tu. Ikifika jioni, mengi ya uliyoyaandika usiku utayasoma ukashangaa yalikuamshia nini. Yatakayobaki na uzito, yape herufi kama hatua ya kwanza.

## Hatua ya 7: Kikao cha Jumapili, na cha mwisho

Kila Jumapili msimamizi wako akuulize mambo matatu: umefanya nini, umekwama wapi, wiki hii utafanya nini na lini. Robo saa inatosha. Akianza kukuhubiria, mrudishe kwenye maswali. Ukikosa kikao mara mbili mfululizo bila ugonjwa wala msiba, tafuta msimamizi mwingine wiki hiyo hiyo.

Mwisho wa miezi mitatu kaeni saa nzima. Fungua kurasa za hatua ya 4 na uipe kila njia neno moja: *endelea*, *badilisha*, au *acha*.

Ikibaki moja yenye *endelea*, ipe miezi sita na usiongeze nyingine. Zikibaki mbili, chagua inayolipa nauli yako, ya pili ipe siku moja ya wiki. Zikifutika zote tatu, hujarudi mwanzo. Una majibu ya wale watu watatu, ushahidi wako na hesabu zako, kwa hiyo ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4 na uandike njia nyingine, safari hii ukianzia kwenye ile kazi ambayo jirani alisema angekuachia.

Kisha nenda kwa mjomba siku uliyoahidi. Usisubiri akuite.